Mtungini

Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba kama kikonyo,
ndiyo maana wakanichagua mimi.
Mjomba Avksenti alitanguliza mshumaa, kwa uzi,
hadi chini kabisa ya mtungi uliozikwa,
akautazama kama atazamaye uso wa mgonjwa.
Mwali ukizima, alisema, huko hakuna pumzi,
mvinyo umeila yote.
Haukuzima. Nikashuka.

Wapo wanaodhani mvinyo huanzia kwenye bilauri.
Wangu ulianzia kisogoni: baridi ya udongo,
harufu ya nta ya nyuki ukutani,
burashi ya gome la mcheri mkononi,
na juu, kwenye duara la anga lisilozidi sinia,
sauti ya mjomba: "Hesabu, Mzevinar! Kwa sauti!"
Maana nikinyamaza atajua nimezirai.
Nilifika mia nne na kumi na mbili
nikiusugua mwaka uliopita.

Siku hizi wageni huja bondeni Alazani kwa magari ya kukodi,
wakauliza, kwa haya kidogo, mvinyo hunywewaje.
Nawaambia: usijaze.
Bilauri iliyojaa haiachi pa kukaa harufu.
Shika mguu wake, si tumbo;
kiganja chako kina joto usilolijua.
Zungusha. Ingiza pua bila aibu.
Ulimi una maneno machache tu,
mengine yote husimulia pua.

Mbona mweupe wako una rangi ya chai?
Kwa sababu ulilala na maganda yake miezi sita, ardhini,
na vikonyo, na kokwa, kama familia kitanda kimoja wakati wa baridi.
Maji ya zabibu, hata nyeusi, aghalabu hayana rangi,
huikopa kwenye ganda.
Isipokuwa Saperavi yetu: ipasue,
nyama yenyewe inavuja wekundu,
na shati lako limekwisha.

Ule ukakasi unaokukaza ufizi
ni salamu za ganda na kokwa.
Usiukimbie. Uletee jibini ya chumvi, nyama yenye mafuta,
uone unavyolegea
kama mgomvi aliyekaribishwa chakula.

Haya yote alinifunza yeye.
Msimu wa baridi wa juzi homa ilimpitia
ikaondoka na pua yake.
Wakamnusisha siki, wakamnusisha petroli: maji, alisema, maji.
Alilia mara moja tu, juu ya kitunguu,
kwa kuwa kilimtoa machozi
na hakukisikia harufu.

Oktoba, mitungi ilipoanza kuchachuka,
nilimkuta amelala kifudifudi kwenye sakafu ya pishi,
sikio mdomoni mwa mtungi wa tatu.
"Huu una haraka. Mvua ya mawe.
Ule wa nne ni rasharasha, mzuri, uache.
Wa pembeni amesinzia. Nenda ukamwamshe."
Nikachukua mti, nikayazamisha maganda yaliyoelea.
Povu likapanda mpaka kwenye kiwiko.

Jioni akanimiminia kidogo, wa mwaka juzi.
"Niambie."
Nikanusa. Aprikoti, nikasema, zilizoanikwa.
"Paa gani?"
La shangazi Natela, lile la bati.
"Kabla ya mvua au baada?"
Nikarudi puani. Baada.
Na chai iliyosahaulika. Na mbali, nta.
Akanywa, polepole, macho kayafumba,
akautembeza mdomoni, mashavu yakiingia ndani.
"Ukakasi," alisema, "huu bado ninao."

Nikadhani tumemaliza. Nikanyosha mkono kwenye mkate.
Akanigonga kidole kwa kijiko.
"Endelea," alisema, macho bado kayafumba,
"usinyamaze."